Nilivyoing'ang'ania Dorvek

Aliyenikosa Jumapili iliyopita asihangaike kulitafuta gazeti lile, maana sasa hivi limeshafungiwa maandazi. Nitamweleza kwa kifupi.

Mimi ni Elieth, wengi wananiita Mama Evance, mpiga chapa wa Kahama, jirani na stendi ya mabasi. Miaka mitatu nilikula na kuvaa kwa sababu ya kompyuta moja ya mkononi aina ya Dorvek, nyeusi, nzito kama tofali. Wiki iliyopita niliwasimulia ilivyonifia kule Nyarugusu siku ya Jumamosi, mbele ya wachimbaji karibu arobaini wa shimo la dhahabu liitwalo Duara la Saba. Kioo kilizimika tii nikiwa katikati ya kusoma majina. Niliwaeleza walivyoniguna na kunizomea. Sikuwaeleza nilichokuwa nimekiandika kwenye mashine hiyo.

Leo nitaeleza. Kuna wasomaji walioniandikia barua za pole. Barua zenu nimezipata, ahsanteni, lakini huenda mkazitaka mrudishiwe.

Kwanza mjue kazi yangu ilivyokuwa. Duara la Saba halikuwa na daftari la wanachama. Zamani walikuwa nalo, likaibwa, likarudi lina majina ambayo hakuna aliyeyajua, watu wakakatana mapanga. Tangu siku hiyo waliapa kwamba karatasi haitaingia tena kwenye mambo yao. Mimi ndipo nilipotokea na Dorvek yangu na betri ya gari ndani ya kikapu.

Kila Jumamosi nilisoma majina. Aliyesomwa alikuja mbele, akaweka kiganja ubavuni mwa mashine, akasema, "Nipo." Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yake. Aliyetaka kumwachia mwingine nafasi yake aligusa vilevile, akamtaja mtu, nami nikaandika. Hakuna muhuri, hakuna dole gumba.

Wiki ile ile niliyoanza, duara lilitema. Dhahabu ilionekana kwenye mwamba uliokuwa umewachosha miezi minane. Basi ikawa Dorvek ina nyota. Dorvek haidanganyi, Dorvek haili rushwa, Dorvek haisahau. Mpiga chapa mmoja wa Masumbwe alijipeleka Nyarugusu na mashine ya aina nyingine, wakamrudisha alikotoka kabla hajapewa hata maji ya kunywa.

Nami niliwaacha waamini hivyo. Sikuwaacha tu, niliwachochea. Mtu akibisha jambo nilikuwa napiga mfuniko kwa kidole na kusema, "Mashine haidanganyi, baba." Wote wananyamaza. Jamani, raha ya kunyamazisha wanaume arobaini kwa kidole kimoja mimi niliijua.

Sasa turudi pale mashine ilipokufa.

Ngassa, mkuu wa Duara la Saba, alinivuta pembeni. Akanikumbusha kwamba Ijumaa inayofuata afisa madini angekuja kuhakiki wanachama kabla ya leseni mpya kutolewa. Atakayesomwa yumo, asiyesomwa hayumo, na baada ya hapo mlango umefungwa. Disketi zangu zilikuwa nzima. Kilichokosekana ni mashine ya kuzisomea.

"Kanunue nyingine, Mama Evance," alisema. "Lakini iwe Dorvek. Duara litanunua. Ukija na aina nyingine hawa watu hawataigusa, na mimi sitawabembeleza."

Nilimshukuru. Nakumbuka nilimshukuru mara mbili, mjinga mimi.

Jumatatu asubuhi nilikuwa dukani kwa Mansukhlal. Huyu ni mzee wa duka la vitu vya umeme mtaa wa sokoni, amezaliwa hapa hapa Kahama, na Kisukuma chake ni kizuri kuliko changu. Ndiye aliyeniuzia Dorvek ya kwanza, akanifundisha kuiwasha na kuizima. Tangu hapo nilikuwa mhubiri wake nisiye na sadaka. Niliwatangazia makarani wa pamba. Niliwatangazia masista wa Ushirombo. Nikiona mtu na mashine ya aina nyingine nilimcheka mbele ya watu. Ushabiki wa mpira ni kitu kidogo.

Mzee alinipokea kwa chai na kashata. Akatoa Dorvek mpya kabisa kwenye boksi, akaipangusa vumbi kwa mkono wa shati. Ilikuwa imebaki hiyo moja tu, akasema, na alikuwa amenifichia mimi.

Nyuma ya pazia akatoka Hiral, mkwewe, mke wa mwanawe Nikhil. Hiral ndiye fundi wa duka lile, ingawa mzee hapendi wateja wajue. Alikuwa na bisibisi mkononi.

"Dada Elieth, usiinunue hiyo," alisema. "Kiwanda cha Dorvek kimefungwa tangu mwaka juzi. Kioo kama chako nimewatafutia wateja wengine Mwanza, nimekitafuta Dar, hakipo. Na hiyo ikifa itakuwa vivyo hivyo."

Mansukhlal akamkemea kwa Kigujarati, maneno mengi, huku tabasamu alilonipa hajaliondoa usoni. Hiral hakurudi nyuma ya pazia.

Nikamuuliza mzee kama alijua. Akaanza kunieleza habari za bandari na mawakala. Nikamuuliza tena.

"Mzigo ulikuwa umebaki, mama," akasema. "Ningefanya nini? Ningeutupa?"

Mwaka juzi. Agosti ya mwaka jana nilimletea sista mzima wa Ushirombo pale pale kaunta, na mzee huyu akaapa mbele yake kwamba Dorvek zitakuwepo mpaka kwa wajukuu zetu. Sista akanunua. Akanunua kwa sababu yangu. Nami jioni ile nilirudi nyumbani najiona mtu mkubwa.

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakaziba. Nilimwambia Mansukhlal maneno ambayo sijawahi kumwambia mtu mwenye mvi. Nilimwita muuza maiti. Nilimwambia chai yake ameze mwenyewe. Watu walisimama mlangoni kusikiliza, nikapaza sauti ili wa barabarani nao wafaidi. Nikaapa kwamba jina la Dorvek halitatoka tena kinywani mwangu, na kwamba Duara la Saba watagusa mashine nitakayowaletea mimi, wapende wasipende.

Hiral akaweka kaunta mashine nyingine. Talmira, ya kijivu, nyembamba, nyepesi hata mtoto angeibeba. Kiwanda kipo, vipuri vipo, betri inakaa saa tatu.

"Disketi zangu itazisoma?" nikamuuliza.

"Lete moja tuone."

Nikampa ile ya Duara la Saba. Mashine ikakoroma kidogo, kisha orodha ya kurasa zangu zote ikajipanga kwenye kioo. Nilifurahi nikasahau hasira. Yote ilikuwepo, miaka mitatu ya kazi yangu.

"Na hii inakuonyesha vizuri zaidi," Hiral akasema. "Dorvek inakupa jina la ukurasa tu. Hapa unaona mpaka siku na saa ulipouandika. Tazama. Mauzo ya Makoye, Jumanne tarehe kumi na tatu Oktoba, saa kumi na dakika tano jioni."

Niliusoma ule mstari mara mbili.

Makoye alikuwa mchimbaji wa Duara la Saba tangu siku ya kwanza. Alifukiwa na kifusi Ijumaa ya tarehe tisa Oktoba. Walimtoa Jumamosi, wakamzika Jumapili. Mauzo yake, kama yalivyoandikwa ndani ya ukurasa wangu, yalifanyika Jumatano ya tarehe saba, siku mbili kabla hajafa. Aliyenunua ni Ngassa.

Sasa ndiyo mnajua.

Jumanne ile, matanga hayajaanuliwa, Ngassa alinikuta nyuma ya banda la wafiwa na mashine yangu. Akasema mke wa marehemu, Scolastika, atarudi kwao Ushirombo kulima, na nafasi ya duarani haikai kwa mwanamke, duara litakauka. Akasema Makoye mwenyewe alikuwa na nia ya kumwachia. Akasema maduara mawili ya jirani yanatafuta mpiga chapa na yeye ndiye mwenye neno la mwisho. Hakunitisha. Hakunishika mkono. Alinitajia tarehe nami nikabonyeza.

Kesho yake mbele ya wafiwa wazee wakaniuliza kama kweli marehemu aligusa mashine Jumatano akasema ameuza. Jumatano ile nilikuwa Nyarugusu kweli, wengi waliniona. Nikapiga mfuniko kwa kidole.

"Mashine haidanganyi," nikawaambia.

Siku hizo zote nilijua Dorvek inahifadhi maneno. Sikujua kwamba inahifadhi na saa. Kumbe kila nilipobonyeza ilikuwa inajiandikia kimyakimya, ila haikuwa na mahali pa kunionyesha. Miezi minne nimelala juu ya ushahidi wangu mwenyewe.

Mtasema ningeufuta ule ukurasa. Ningeufuta, Ngassa angeuliza uko wapi. Scolastika naye alikuwa anaidai nafasi ya mumewe kila Jumamosi, na watu wangeuliza mbona msibani nilisema nilishuhudia. Mtasema ningeuandika upya. Ningeuandika upya ungepata tarehe ya siku hiyo, mbaya zaidi. Yote hayo niliyapima pale kaunta kwa muda ambao Hiral alikuwa anatafuta kitambaa cha kufutia kioo.

"Nipe Dorvek," nikasema.

Hiral alidhani hajasikia vizuri. Nikarudia. Nikasema mimi ni mtu wa Dorvek, nimeanza na Dorvek, mashine za kisasa zinanichanganya. Nikasema mtu haachi ukoo kwa sababu nyumba imevuja. Nilisema upuuzi mwingi.

Mansukhlal hakungoja. Alikuwa ameshaanza kufunga boksi kwa kamba, na akaniongezea kashata kwenye karatasi. Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Mzee aliyenidanganya mwaka na nusu nilimlipa fedha za duara kwa mkono wangu, nikamwambia ahsante, nikatoka.

Hiral alikuwa bado anautazama ule mstari kwenye kioo. Akaitoa disketi, akanikabidhi mlangoni. Sijui alielewa nini. Ninachojua ni kwamba tangu siku ile haniiti tena dada.

Alhamisi nikaenda Nyarugusu, kwa basi mpaka Masumbwe, kisha nyuma ya Landrova ya mnunuzi wa dhahabu. Njia nzima nilikuwa na hasira na Mansukhlal, na Ngassa, na kiwanda kilichofungwa katika nchi ambayo siwezi hata kuitaja. Nilikuwa na hasira na Makoye kwa kufa Ijumaa badala ya Jumatano iliyofuata. Mtu akiwa na kosa lake hukasirikia kila mtu kabla hajafika kwake mwenyewe.

Mtu wa kwanza kunipokea alikuwa Scolastika. Pale wanamwita Mama Kamili, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Ni mwanamke wa makamo, mfupi, mkimya, na tangu mumewe azikwe amekuwa akiuza uji karibu na duara. Kila Jumamosi alikuja kukaa jirani na meza yangu wakati nasoma majina, mikono mapajani, macho kwangu. Nilikuwa najiambia anapenda tu kusikia majina ya watu waliofanya kazi na mumewe.

"Shikamoo, Mama Kamili."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta nyingine?"

"Nimeleta. Ni Dorvek ile ile."

"Wabeja," akanishukuru kwa Kisukuma. "Basi kesho tutaisikia."

Akanipa kikombe cha uji na akakataa nisilipe. Nikaunywa. Najua mnavyonifikiria, na mko sahihi, lakini niliunywa mpaka chini.

Ngassa alikuja kuiona mashine. Akaigeuza, akaipapasa, akaita watu waitazame. Watu wakafurahi, mmoja akaigusa akapaka kiganja chake usoni. Kisha Ngassa akaifunga kwenye boksi lake na kulipachika kwapani.

Nikamwambia naihitaji nijaribu disketi. Akasema hakuna haja. Mashine imenunuliwa na duara, basi ni ya duara, na mali ya duara hukaa kwa mkuu wa duara. Nitakuwa nakuja kuitumia akiniita.

"Na kazi zangu za Kahama?" nikamuuliza. "Na maduara mengine?"

"Utaniomba," alisema. "Si ulisema mwenyewe huwezi kutumia aina nyingine?"

Sikuwa nimemwambia maneno hayo yeye. Nilimwambia Mansukhlal, na ya Kahama hayachukui siku mbili kufika Nyarugusu. Nikajiona nilivyo mpumbavu. Nilitetea jina la mashine mpaka nikabaki sina mashine. Nilimtazama Ngassa akiondoka na boksi, nikatamani limdondokee mguuni limvunje vidole vyote.

Ijumaa saa nne asubuhi afisa madini alifika. Mtu wa makamo, mpole, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Alikaa chini ya turubai, akasalimia kila aliyemkaribia, akasema tuanze.

Nikasoma kwenye Dorvek mpya. Mtu mmoja mmoja akaja, akagusa, akasema, "Nipo." Afisa alikuwa anatikisa kichwa kwa mshangao, lakini hakuingilia. Watu thelathini na tisa waligusa. Nikafika kwa wa arobaini.

"Makoye. Ameuza kwa Ngassa, Jumatano tarehe saba Oktoba."

Scolastika akasimama. Akasema kwa sauti ya kawaida kwamba mume wake hakuuza, kwamba Jumatano ile alishinda duarani mpaka jua kuzama na mashine hakuiona, na kwamba nafasi ile ni ya watoto wake. Watu wakamguna. Mmoja akamwambia asipoteze muda wa wageni, mashine imeshasema.

Afisa akanigeukia. Akaniuliza kama nilishuhudia mauzo hayo.

"Imeandikwa, mheshimiwa," nikajibu.

"Sawa. Nitachukua nakala nzima, tutaipitia vizuri. Naomba disketi."

Akafungua mkoba wake, akatoa kompyuta yake. Ilikuwa Talmira.

Ngassa aliruka kuliko mimi. Akasema mashine ile haijulikani pale, haijaguswa na mtu, wachimbaji hawaitambui, orodha yao isomwe kwa Dorvek tu. Watu wakamuunga mkono kwa kelele. Afisa akacheka, akasema mashine ni mashine, akanyoosha mkono. Ngassa akasogea karibu yangu na kunikanyaga mguu chini ya meza. Alikanyaga kwa kisigino, na hakuuondoa.

Msinisifu kwa kilichofuata. Sikukifanya kwa wema. Nilijua baada ya dakika mbili afisa angejionea mwenyewe, na kisigino kile kiliniuma, na hasira ya wiki nzima ilikuwa imenifika kooni.

"Kabla hujaifungua, mheshimiwa," nikasema, "ule ukurasa wa Makoye ni wa uongo. Niliuandika Jumanne na Makoye alikuwa ameshazikwa. Hakuuza. Hakugusa mashine. Niliwadanganya wafiwa."

Kisigino kikaondoka.

Afisa akaniuliza nani aliniambia niandike. Nikamwonyesha Ngassa kwa kidole kile kile nilichokuwa napigia mfuniko.

Ngassa hakutikisika. Akasema taratibu, kama mtu anayesikitika, "Vidole ni vyake. Mimi hata kuiwasha sijui. Kila mtu hapa anajua nani anaandika na nani hajui kuandika."

Na ni kweli. Kila mtu alijua.

Afisa akavua miwani. Akaniuliza kama kuna karatasi yoyote, sahihi yoyote, dole gumba la mtu yeyote kuthibitisha majina yale mengine. Nikasema hakuna. Akawauliza wachimbaji. Wakasema waliapa hakuna karatasi.

"Mama, umekiri kwamba ukurasa mmoja ni wa uongo," akasema. "Hizi thelathini na tisa nitaziaminije? Mwandishi ni yule yule."

Nikamwambia nyingine ni za kweli. Nikaapa kwa Mungu. Nikaapa kwa mwanangu Evance. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa upole wake ule ule, kisha akasema orodha hiyo hawezi kuipokea, na siku ya mwisho ya kupokea ilikuwa hiyo hiyo. Eneo litakuwa wazi kwa mwombaji mwingine. Akafunga mashine yake.

Watu walihitaji muda kuelewa. Niliona maneno yakiingia kwa mmoja, kisha kwa mwingine. Miaka mitatu ya kuchimba, Jumamosi zote zile, viganja vyote vile.

Nilimgeukia Scolastika. Sijui nilitaka nini. Nadhani nilitaka aniambie kwamba angalau yeye nimemsafishia jina la mumewe.

"Nilikuona," akasema.

Sikumwelewa.

"Jumanne ile. Nilikuwa nyuma ya turubai nachambua mchele wa wafiwa. Nilimsikia anakutajia tarehe. Nikakusikia unabonyeza."

"Mbona hukusema, mama? Miezi minne. Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani?" akasema. "Wewe ndiye uliyewafundisha kwamba mashine haidanganyi. Nilikuwa nakuja kila Jumamosi kuona kama utasema mwenyewe. Umesema leo, siku ambayo haimsaidii mtu."

Nikaufunga mfuniko wa Dorvek.

Ngassa akawaambia watu kitu kwa Kisukuma, sentensi mbili tu, bila kupandisha sauti. Kisukuma changu si kizuri, lakini nilikielewa chote. Alisema huyu mwanamke ndiye aliyewapotezea duara, na kwamba njia ya kwenda barabarani ni moja.

Wa kwanza kusimama alikuwa yule aliyepaka kiganja usoni. Akafuatia jirani yake. Afisa akasema tafadhali, tafadhali, lakini hakuna aliyemtazama. Wakawa wanainuka mmoja mmoja kwa mpangilio ule ule niliokuwa nawasomea, bila kelele, mpaka njia ya barabarani sikuiona tena.

Nikamtafuta Mama Kamili kwa macho. Watu wote walikuwa wamesimama. Yeye peke yake alikuwa amekaa tena chini, mikono mapajani, ananitazama, kama Jumamosi zote zile.